Nipe Mji: Juu ya Kutafuta Neno la Siku na Kuhesabu Pointi

Katika vitabu vidogo vya chama chetu tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina ya mapacha, na mambo mengine makubwa ya desturi. Mara hii naomba ruhusa niseme juu ya mchezo. Pengine mzee mmoja atauliza: mchezo ni kitu cha watoto, juu ya nini kuupotezea karatasi? Lakini wazee wetu hao hao walikuwa wanakaa mangaribi pembeni ya moto na kutegeana vitendawili, na mtu aliyeshindwa mbele ya shemeji zake alikuwa anaona haya kweli kweli, si haya ya kuigiza. Kama walikuwa wanaona haya, basi kulikuwa kitu ndani.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi, katika familia nyingi za watu wenye kusoma, hapa kwetu na zaidi kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Canada, mtu anaamka, anashika telefone, na mbele ya kunywa chai anatafuta neno. Ni neno moja tu kwa siku, na ni lile lile kwa watu wote. Akilipata, anatuma katika kundi la familia visanduku vya rangi kuonyesha alilipata kwa mara ya ngapi: ya tatu, ya nne, ya tano. Wengine wanajibu na vya kwao. Kuko hata wenye kuandika jumla ya juma zima ku karatasi, na siku ya Mungu kisha misa wanatangaza nani ameshinda.

Ulizo langu ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu. Ile hesabu ni ya nini? Hakuna franka inayotoka mfukoni, hakuna kikombe cha kushinda. Na mtu akidanganya katika hesabu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona ikifanyika, amemkosea nani?

Tuseme kwanza mchezo ulitoka wapi, maana asili yake ni nzuri. Ule wa Kiingereza unaitwa Wordle. Ulitengenezwa na Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aliyekuwa anaishi New York, na aliutengeneza kwa ajili ya mwenzake, Palak Shah, aliyependa michezo ya maneno. Neno ni la herufi tano, na unapewa nafasi sita za kujaribu. Kiingereza kina maneno ya herufi tano karibu 12,000, lakini mengi kati yao hakuna mtu anayeyasema. Basi Palak aliyapitia yote na kubakiza yale aliyoyajua yeye, karibu 2,500. Mchezo ulifunguliwa kwa watu wote Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba walicheza watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 walipita 300,000. Mwisho wa mwezi ule ule gazeti la New York Times liliununua kwa zaidi ya dola milioni moja. Kitu kilichoanza kama zawadi ya mtu mmoja kwa mtu mmoja kilipata bei kwa miezi mitatu na kitu. Mimi simlaumu. Wengi wetu tungeuza.

Sisi wa Kifaransa tunacheza zaidi Sutom, iliyotokea Januari 2022. Soma jina hilo kwa kurudi nyuma, utaona Motus, mchezo wa televisheni ya Ufaransa uliodumu toka 1990 mpaka 2019. Wanakupa herufi ya kwanza. Unaandika neno. Herufi iliyo fasi yake inakuwa nyekundu. Ile iliyo ndani ya neno lakini si fasi yake inapata duara la manjano. Isiyokuwemo inabaki bila alama ya kukusaidia. Basi neno lako la kwanza lenye makosa ndilo linakufundisha namna ya kutafuta la pili. Napenda sana jambo hilo. Katika mtihani wa shule kosa ni kosa, mwalimu analipiga mstari na limekwisha. Hapa kosa ni taa.

Sasa turudi pembeni ya moto. Mtu anasema "Kitendawili!", wote wanajibu "Tega!" Majirani wetu wa Rwanda wanaita "Sakwe sakwe!" na kujibiwa "Soma!" Kila watu wana mlango wao wa kuingilia. Anatega: nyumba yangu haina mlango. Watoto wanakisia: kaburi, kibuyu, mlima. Wanakosa. Ndipo, kwa desturi ya Kiswahili iliyotoka pwani na ambayo vitabu vya shule vimeieneza, mtegaji anasema: "Nipeni mji." Wanamtajia Kalemie, ao Kindu, ao Kisangani. Anaweza kukataa na kudai mkubwa zaidi. Akikubali, anasema amefika kule, amepokelewa vizuri, amekula na kunywa, watu wa kule wanawasalimu, na kisha hayo yote ndipo anatoa jibu: yai.

Hiyo ndiyo hesabu ya kale, na ni hesabu ya ajabu. Mshindi anapata mji ambao hataulipisha kodi. Anakuwa chifu wa Kisangani mpaka usingizi umshike, na asubuhi anatumwa kuteka maji kama wengine. Sijawahi kusikia mtu aliyeshika daftari la miji yake. Lakini angalieni vizuri mji unalipa nini. Haulipi aibu, ingawa aibu imo. Unanunua jibu. Aliyeshindwa anatoa mji mmoja wa kinywani na anaondoka na kitu ambacho hakuwa nacho, na kesho atakitegea watu wa nyumba ingine na kupata miji yake yeye. Kwa hiyo kushindwa kulikuwa njia ya kuingia katika safu ya wategaji. Hakuna anayezaliwa anajua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai. Wote tumelipa.

Wengine hawakuhesabu hata miji. Kwa Walega kuna kamba inayoitwa mutanga, ambayo inatundikwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu kinashika mezali yake. Mwenye akili anaangalia kitu na neno linarudi. Pale kinachoongezeka si pointi za mtu. Ni kamba inayorefuka.

Katika mchezo wa telefone, mtegaji hayuko. Mashini haifurahi ukikosa, wala haikubali Kalemie. Kwa sababu hiyo kuhesabu kumebaki kazi ya mchezaji mwenyewe. Yeye ndiye anayetafuta na ndiye anayetoa habari ya kutafuta kwake. Visanduku vile anavyotuma ni ushuhuda: "Hivi ndivyo nilivyohangaika asubuhi hii." Hapo swali la udanganyifu linaingia, na lilikuwemo toka mwanzo. Katika Wordle ya kwanza, orodha ya maneno yote, la leo na la kesho na la mwaka ujao, ilikuwa imeandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Aliyejua kidogo mambo ya kompyuta aliweza kuisoma. Ni kama mtegaji aweke yai mezani na kulifunika na kitambaa chembamba. Januari 2022 mtu mmoja alifanya ubaya mwingine: alitengeneza programu iliyokuwa inawajibu watu waliotangaza matokeo yao ku Twitter, kwa matusi, na kuwaambia neno la kesho. Twitter iliifunga.

Watu wengi wanaona ubaya wa pili tu. Kumwaga jibu la wenzako, hapo wote tunakasirika. Lakini yule anayetazama jibu kisha anaandika "mara ya pili", wanasema, ameumiza nani? Tulilijadili jambo hili jumamosi moja na vijana wa chama, na kijana mmoja mwenye ulimi mzuri alisema: "Mwalimu, hii ni mchezo tu. Mimi niko nafurahi, beko banashangaa, hakuna mutu amelia. Dhambi iko wapi?"

Nilimjibu na mfano wa soko. Mama anayepima maharagi na kopo la Guigoz ambalo chini yake limebonyezwa hajamwibia mnunuzi mmoja peke yake. Ameharibu kopo. Kesho yake mama mwingine, mwenye kopo zima, akisema "hii ni Guigoz moja," wanunuzi wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Vivyo hivyo mtu mmoja akileta "mara ya pili" ya uongo kila siku, "mara ya tatu" ya dada yake, aliyoitafuta kwa jasho, inakuwa kitu cha mashaka ao kitu kidogo. Pointi hazina mwamuzi wala polisi. Zinasimama juu ya neno la mtu tu, na neno la mtu ni kopo letu sisi wote.

Kijana hakukubali haraka. Alisema basi afadhali tusihesabu, tucheze tu, kila mtu na moyo wake. Kuna watu wazima wanaosema vile pia, na wanasema kwa sauti ya utakatifu kidogo. Mimi siko upande wao. Mchezo usiokuwa na hesabu unafifia, watoto wenyewe wanajua. Ukiondoa "nipe mji", kitendawili kinabaki ulizo la darasani. Ile haya ndogo ya kukosa na ile furaha ndogo ya kumpita mkubwa wako ndiyo chumvi.

Lakini nakubali kwamba chumvi inaweza kuzidi. Mchezo unakuonyesha pia umeshinda siku ngapi bila kukatika, na hapo ndipo naona watu wanafungwa. Namjua mtu aliyelazwa na malaria, mwili unawaka, na mbele ya kuuliza habari za watoto wake aliomba telefone kusudi siku zake mia mbili na kitu zisikatike. Huyo hakuwa tena na hesabu. Hesabu ilikuwa naye.

Na kuna mfano mwingine ambao sijaweza kuumaliza katika akili yangu. Mwaka 2015, kule Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa yalishindwa na Nigel Richards wa New Zealand, mtu asiyesema Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno ya kamusi kwa wiki karibu tisa. Katika fainali alimpiga mchezaji wa Gabon. Fikirini, ndugu zangu: Mwafrika aliyekua na lugha hiyo, aliyeota nayo, anayeweza kugombana na kubembeleza ndani yake, anashindwa na mtu ambaye kwake maneno yale ni safu za herufi tupu, kama mbegu katika mashimo ya kisoro. Hakuna udanganyifu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa ya haki, na kubwa kuliko ya wengi wetu, na mimi namvulia kofia. Hata hivyo nikisoma habari ile ninaona kuna kitu ambacho hesabu ilikuwa inakihesabu siku zote bila kukitaja, na pale kilionekana wazi kwa kukosekana. Sisi tulifikiri pointi zinapima ujuzi wa lugha. Zilikuwa zinapima pointi.

Basi kama pointi hazipimi ujuzi, na hazileti mali, watu wanazituma asubuhi zote hizo juu ya nini?

Februari 2022, karibu na Chicago, mama mmoja wa miaka 80 alivamiwa usiku na mtu aliyeingia nyumbani mwake na kumfungia ndani kwa saa nyingi. Huyo mama alikuwa na desturi ya kumtumia binti yake, anayeishi mbali ku Seattle, matokeo yake ya Wordle kila siku. Siku hiyo hayakufika. Binti akaona si kawaida, watu wakaulizana, polisi wakaitwa, na mama akatolewa salama. Katika hadithi hiyo hakuna anayekumbuka alikuwa anapata mara ya tatu ao ya tano. Visanduku vilikuwa vinasema kitu kingine kabisa: nimeamka, niko, akili yangu ingali inatembea. Kwetu tunaita hiyo salamu. Na mtu wa kwetu asiyesalimu asubuhi, jirani atabisha mlango.

Najua familia moja ya hapa ambayo wametawanyika: Bukavu, Kampala, Bruxelles, Montréal. Mama mukubwa wao, mwalimu wa zamani wa Kifaransa, yuko Bukavu na telefone yenye kioo kilichopasuka. Yeye anapata karibu siku zote kwa mara ya sita, ya mwisho. Mtoto wa mdogo wake wa Bruxelles, hodari wa mara ya pili, alikuwa anamtania: "Mama mukubwa, leo tena sita?" Naye alijibu: "Mwanangu, sita ni kusema nilikaa na lile neno kupita weye." Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, visanduku vya mama mukubwa havikuonekana kwa siku tatu. Siku ya nne vilikuja, safu sita, zote zimekosa, bila neno lingine lolote. Kundi lote lilinyamaza. Yule kijana wa Bruxelles hakutuma vya kwake siku ile, na hakuna aliyemuuliza juu ya nini.

Limebaki jambo moja, na hili linahusu chama chetu moja kwa moja. Vijana wetu wamejaribu kucheza mchezo huu kwa Kiswahili, si ku telefone lakini ku ubao, na chaki za rangi mbili. Mmoja anaficha neno la herufi tano ku karatasi, wengine wanajaribu mara sita, pointi zinaandikwa pembeni. Waliona haraka kwamba lugha yetu haikubali kukatwa kama Kifaransa. Kwanza, karibu kila neno linaisha na vokali, kwa hiyo herufi ya mwisho haifichi sana. Kisha, kitenzi kimoja kinazaa maneno bila mwisho: "alale", "ulale", "alala". Je, hayo ni maneno mengi ao ni moja lililovaa nguo tofauti? Katika Kifaransa kamusi inajibu. Kwetu neno moja linaweza kuwa habari nzima, na kamusi haikuandika habari zote. Waliamua vitenzi viandikwe vikiwa uchi, bila mtu ndani, na ule uamuzi nauona mzuri. Juu ya "ng" na "ch", kama ni herufi moja ao mbili, walipigia kura.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Kiswahili kipi. Msichana mmoja alificha "mvula". Mwenzake aliyesoma Tanzania alikosa mara zote sita, na karatasi ilipofunguliwa alikataa kutoa pointi: neno ni "mvua", herufi nne, kamusi iko wazi, na "mvula" ni kosa la watu wa Congo. Msichana alisema yeye hakuzaliwa ndani ya kamusi, na mvula ya Bukavu inamlowesha vile vile. Wenye "mtoto", herufi tano, wakagombana na wenye "mutoto", herufi sita. Ilikuwa kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu amepigwa.

Mimi kelele ile ilinifurahisha kuliko visanduku vyote vya telefone, maana mtegaji alikuwepo, na aliweza kuulizwa, na ilibidi ajieleze mbele ya watu. Mashini ingeandika tu kwamba neno halimo. Waliniomba niamue. Nilisema Palak Shah, alipochagua maneno yake, alibakiza yale aliyoyajua yeye na watu wa kwake, na hakuna aliyemshtaki. Kwa hiyo mvula ibaki ku ubao, pointi zitolewe, na yule wa Tanzania, kama anataka, jumamosi ijayo afiche neno la Dar es Salaam tuone nani atatoa mji. Amekwisha kutuonya kwamba tutatoa miji mingi.